Hatua ya Mwisho Iliyofanikiwa: Utangulizi wa Kutafuta Hitilafu katika Kompyuta Mpya

Kompyuta iliyoharibika na kompyuta mpya iliyogoma kuwaka zinafanana kwa macho, lakini kwa mchunguzi ni kesi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ilikuwa inafanya kazi jana. Fundi anauliza kimebadilika nini: radi ilipiga, maji yalimwagika, feni ilisimama, kuna programu mpya iliwekwa. Ya pili haina jana. Vipande vyake vimetoka viwanda mbalimbali na kununuliwa siku tofauti, pengine kimoja dukani Kariakoo, kingine kwa mtu aliyetoka Dubai, kingine kimechomolewa kwenye mashine ya zamani ya jamaa, na havijawahi kukaa pamoja kwenye kasha moja hata kwa dakika. Hakuna ushahidi wowote kwamba mkusanyiko huo unaweza kufanya kazi. Kila kipande ni mshukiwa, kila kiungo kati ya vipande ni mshukiwa, na mkono uliounganisha nao ni mshukiwa.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapo ndipo elimu hii inapoanza. Nakukaribisha, msomaji, uingie ndani yake ukiwa na imani kwamba ipo njia. Kijana aliyedunduliza miezi kadhaa anunue prosesa hastahili kupoteza fedha yake kwa sababu ya waya mmoja uliosahauliwa, wala hastahili kuambiwa anunue mazabodi nyingine "tuone kama itakubali". Kununua kipande kwa kubahatisha ndiyo njia ghali kuliko zote ya kutafuta hitilafu, na mara nyingi haileti jibu.

Somo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta za nyumbani. ENIAC, mashine iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000, na kila iliyokufa ilibidi itafutwe. Wahandisi wake waligundua kwamba valvu nyingi hufa mashine inapowashwa au kuzimwa, wakati zinapopata joto au kupoa, kwa hiyo wakaona ni heri kuiacha iwake muda wote. Walikuwa wamejifunza kuuliza hitilafu hutokea lini kabla ya kuuliza imetokea wapi, na swali hilo bado lina faida leo.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1987, jarida la Artificial Intelligence lilichapisha makala mbili zilizoipa kazi ya fundi msingi wa kimantiki. Raymond Reiter alieleza kwamba hitilafu ni mgongano kati ya kile ambacho mfumo ungepaswa kufanya na kile kinachoonekana. Kutambua ugonjwa, kwake, ni kutafuta vile vipande ambavyo tukikubali kuwa ni vibovu, mgongano unaisha. Johan de Kleer na Brian Williams waliongeza mambo mawili: hitilafu zinaweza kuwa zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kipimo kinachofuata kichaguliwe kwa kuangalia kitatoa habari nyingi kiasi gani. Kwa lugha ya mezani: pima pale ambapo jibu, liwe ndiyo au hapana, litaondoa washukiwa wengi zaidi. Ukiwa na washukiwa wanane na ukaweza kuwagawa nusu kwa nusu, vipimo vitatu vinatosha. Ukiwapitia mmoja mmoja unaweza kuhitaji saba.

Kompyuta hurahisisha mgawanyo huo kwa sababu huwaka kwa mpangilio usiobadilika. Kila hatua inategemea iliyoitangulia. Kazi ya mchunguzi ni kuitambua hatua ya mwisho iliyofanikiwa, kwa kuwa hitilafu ipo kati ya hatua hiyo na ile iliyopaswa kufuata. Sentensi hiyo ndiyo moyo wa utangulizi huu, kwa hiyo twende polepole tuone hatua zenyewe.

Unapochomeka waya wa umeme na kuwasha swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, kabla hujagusa kitufe chochote, tayari kuna volti 5 za akiba zinazoingia kwenye mazabodi. Katika mpangilio wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995 na ambao bado tunautumia, volti hizo hupita kwenye pini ya 9 ya plagi kubwa ya pini 24. Mazabodi nyingi huwasha taa ndogo hapo. Taa ikiwaka, ukuta una umeme, waya ni mzima na sehemu ya akiba ya pawa saplai inafanya kazi. Isipowaka, na unajua bodi yako ina taa hiyo, usihangaike na RAM wala kadi ya video, kwani zamu yao haijafika.

Kisha unabonyeza kitufe cha kuwashia. Kitufe hicho hakipitishi umeme wa mashine. Kinagusanisha pini mbili tu kwenye kona ya mazabodi, nayo mazabodi inaishusha pini ya 16 hadi sifuri. Pawa saplai inapoona hivyo inatoa volti 12, 5 na 3.3. Viwango vinaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5, maana yake volti 12 zikisomeka kwenye multimita kati ya 11.4 na 12.6 hakuna kosa. Baada ya kujiridhisha, kati ya milisekunde 100 na 500, pawa saplai hupeleka ishara kwenye pini ya 8 kusema umeme umetulia. Mpaka ishara hiyo ifike, mazabodi huishikilia prosesa isianze.

Simama hapo uangalie maana yake. Feni zikizunguka, kinachothibitika ni kwamba volti 12 zipo. Haijathibitika kwamba prosesa imeanza kufikiri. Nimesikia watu wengi wakisema "mashine inawaka ila haileti picha", wakaenda moja kwa moja kununua kadi ya video, ilhali kati ya feni kuzunguka na picha kutokea kuna safari ndefu. Prosesa inaachiwa, inasoma maagizo ya kwanza ya BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, inajikagua, inaitambua RAM na kuipima, inaitafuta kadi ya video, na hapo ndipo picha hutokea. Baada ya picha inatafuta diski yenye mfumo endeshi.

Ukaguzi huo wa kujipima ulikuwepo tangu IBM PC ya mwaka 1981, ambayo ilitoa mlio mmoja mfupi kila jambo lilipokuwa sawa. Leo makasha mengi yanauzwa bila spika ile ndogo, lakini mazabodi nyingi zina taa nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Zinawaka na kuzimika kwa zamu, na ile inayobaki inawaka inakuonyesha safari ilipokatikia. Kama bodi yako haina taa, nunua spika ndogo ya pini nne; bei yake ni ya chini kuliko nauli ya kwenda kwa fundi mara ya pili.

Hata hivyo taa inasema safari imekatikia wapi, haisemi nani ameikata. Chukua taa ya DRAM. Mtu akiiona imebaki anakimbilia kulaumu RAM. Lakini kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, kwa AMD tangu mwaka 2003 na kwa Intel tangu 2008. Kwa hiyo njia ya RAM inaanzia kwenye prosesa, inapita kwenye soketi, kwenye bodi, hadi kwenye sloti. Katika soketi za kisasa zenye pini upande wa bodi, pini moja iliyopinda inatosha kufuta upande mzima wa RAM: sloti mbili zinafanya kazi, mbili zimekufa. Itoe prosesa, imulike soketi kwa tochi ya simu ukiinamisha kichwa upande mmoja, na uangalie mng'ao wa pini. Zikiwa nzima zinang'aa kwa safu zilizonyooka. Iliyopinda inavunja safu kama mmea mmoja ulioanguka shambani. Kipoza joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine nacho kinaweza kuiinua prosesa kidogo upande wa pili na kuleta ugonjwa huohuo, na kwa huo dawa ni kulegeza skrubu na kukaza kwa zamu, kwa mshazari.

Kuna jambo lingine kuhusu RAM ambalo limewatia watu hofu isiyo na sababu. Mashine zenye RAM ya aina ya DDR5 zinapowashwa kwa mara ya kwanza hujifunza muda sahihi wa kuwasiliana na RAM, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, wakati mwingine mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe. Mwenye mashine anadhani imekufa, anakata umeme, na safari inaanza upya. Subiri robo saa kabla ya kutoa hukumu.

Sasa tuseme umefika mahali huelewi. Rudi kwenye mashine ndogo kabisa inayoweza kuwaka. Toa kila kitu ndani ya kasha, iweke mazabodi juu ya boksi lake la karatasi ngumu, ubakize pawa saplai, prosesa na kipoza joto chake, na RAM moja katika sloti ambayo kitabu cha bodi kinataka ianze, ambayo mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa. Kama prosesa haina picha ndani yake, ongeza kadi ya video. Iwashe kwa kugusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka na kuleta picha, umeondoa nusu ya washukiwa kwa kipimo kimoja, na waliobaki ni kasha, kitufe chake, diski na vile ulivyoviweka pembeni. Virudishe kimoja kimoja, ukiwasha kila mara na kuzima umeme ukutani kabla ya kugusa kinachofuata. Ukirudisha viwili kwa pamoja umeuharibu ushahidi wako mwenyewe.

Kasha si mshukiwa wa kupuuzwa. Bodi inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba vinavyoitenga na bati. Kinguzo kimoja kikifungwa mahali ambapo bodi haina tundu, kinagusa mgongo wake na kuleta shoti. Dalili yake inatambulika kirahisi: feni zinashtuka kwa sekunde moja, mashine inazima, na pengine inajaribu tena. Pawa saplai inajilinda. Mashine hiyohiyo juu ya boksi inawaka bila shida.

Katika mashine mpya mimi humshuku mwunganishaji kabla ya kiwanda, na nasema hivyo bila kumdharau yeyote. Vipande vilijaribiwa kabla ya kufungwa kwenye boksi. Viungo vyako havijajaribiwa na mtu. Anza na waya wa pini 8 wa prosesa, ulio kona ya juu ya bodi, mbali na plagi kubwa. Ukisahaulika, feni zinazunguka na picha haiji. Sukuma RAM mpaka usikie mlio wa kufunga. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya video, sio kwenye mazabodi. Angalia kama nailoni iliyobandikwa chini ya kipoza joto ilitolewa. Na usichanganye waya za pawa saplai zinazochomoka: upande wa kifaa plagi zinafanana kwa wote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na waya wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuunguza diski papo hapo.

Ulimwengu mzima ulipata somo la viungo mwaka 2022, kadi za video za RTX 4090 zilipotoka na plagi mpya ya pini 16. Baadhi ya plagi ziliyeyuka, na wachunguzi waliozifungua waliona kwamba nyingi hazikuwa zimesukumwa hadi mwisho. Mwaka uliofuata plagi ilirekebishwa kwa kufupisha pini ndogo za ishara, ili kadi isivute umeme mpaka plagi ikae sawasawa. Milimita chache za plagi zilitosha kuyeyusha kifaa cha bei kubwa.

Baada ya viungo, kutoelewana kwa vipande ni mlango wa pili wa hitilafu. Hapa kila kipande ni kizima, lakini haviwezi kufanya kazi pamoja. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani yake, kwa hiyo bila kadi ya video skrini haitaonyesha kitu. Mazabodi ya B450, iliyotoka mwaka 2018, inaipokea prosesa ya Ryzen 5000 kwenye soketi yake bila kinyongo, ila BIOS yake ya zamani haiijui, kwa sababu prosesa hiyo ilitoka mwisho wa 2020. Lazima BIOS isasishwe kwanza. Baadhi ya bodi zinaweza kujisasisha kwa flashi hata bila prosesa, na kama unanunua bodi ya mtumba Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo, uwezo huo ni wa kuuliza kabla ya kulipa. Bodi nyingi pia huzima matundu mawili ya SATA ukichomeka diski ya M.2 kwenye sloti fulani. Diski "iliyopotea" mara nyingi imo, na kitabu cha bodi kilisema.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka ndizo zinazopima uvumilivu. Mashine inawaka, inafanya kazi saa mbili, kisha inaganda au inajizima. Windows itaandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 41 la Kernel-Power, na mwenye mashine atabadilisha pawa saplai kwa sababu ya jina hilo. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Halitaji sababu.

Anza na RAM. Kama uliwasha XMP au EXPO ili RAM ikimbie kwa mwendo ulioandikwa kwenye boksi, izime kwanza, kwa kuwa mwendo huo unazidi ule wa kawaida na si kila prosesa inauhimili. Kisha weka Memtest86+ kwenye flashi, ni programu ya bure, na uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM au mpangilio wake. Usijifariji kwamba ni kosa moja kati ya mabilioni. Bianca Schroeder pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber walichunguza seva za Google na kuchapisha matokeo mwaka 2009: makosa ya RAM yalikuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa, na ushahidi ulielekeza kwamba mengi yanatokana na hitilafu za kudumu za vipande vyenyewe.

Kwa nini mashine isijirekebishe? Elimu ya kujirekebisha ipo. Richard Hamming, aliyekuwa Bell Labs, alichoshwa na mashine iliyokuwa ikigundua kosa mwishoni mwa wiki na kuiacha kazi yake njiani, na mwaka 1950 akachapisha mbinu ya kuongeza biti chache ili kosa ligundulike na kusahihishwa. Seva hutumia mbinu za ukoo huo. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina ulinzi kamili wa aina hiyo, na hata ule uliomo ndani ya chipu za DDR5 haulindi njia kati ya RAM na prosesa. Biti ikigeuka, hakuna wa kukuambia. Utaona picha iliyoharibika, faili lisilofunguka, mashine iliyoganda, kila siku dalili mpya. Dalili zinazobadilikabadilika bila mpangilio ni sababu nzuri ya kuishuku RAM kwanza.

Kwetu Afrika Mashariki umeme na hewa navyo vinaingia kwenye orodha. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na baadhi ya pawa saplai za mtumba kutoka Marekani huwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Ikiachwa kwenye 115 pawa saplai inaweza kulipuka papo hapo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, UPS yenye kusawazisha volti ni kinga ya kweli. Pwani, chumvi na unyevu hutia kutu kwenye meno ya RAM ya mtumba; mafundi huyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli na kupangusa vumbi lake, na dawa hiyo rahisi inafanya kazi. Bara wakati wa kiangazi, Dodoma au Nairobi, adui ni umemetuli: mtu hausikii mpaka ufike takriban volti 3,000, na chipu inaweza kuumia kwa kiwango kilicho chini sana ya hapo. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa bodi.

Andika kila jaribio kwenye daftari: ulibadilisha nini, ukaona nini, saa ngapi. Baada ya saa nyingi za kuchomoa na kuchomeka kumbukumbu ya kichwani haiaminiki, na anayekusaidia kwa simu kutoka mji mwingine ataelewa ukurasa mmoja wa daftari kuliko maelezo ya nusu saa.

Mashine ikishawaka, itumikishe. Wataalamu wa uimara wa vifaa huchora hitilafu kwa mstari wenye umbo la beseni la kuogea: nyingi mwanzoni, chache kwa miaka kadhaa, kisha nyingi tena uzeeni. Kipande chenye kasoro ya kiwandani mara nyingi hujionyesha mapema. Kwa hiyo ipe kazi nzito wiki za mwanzo, wakati dhamana ingali hai, na risiti na maboksi usiyatupe.

Kipande kimoja tu usikifungue nyumbani hata ukiwa na hakika ni kibovu, nacho ni pawa saplai. Kapasita zake hushika zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ipime kwa nje. Ikishindwa, irudishe ulikoinunua au nunua nyingine.